Kwa Nini Wanamwita Amuri Mawese

Mume wangu anaitwa Amuri bin Asmani, lakini ukifika Rumonge ukauliza kwa jina hilo utazunguka mpaka uchoke. Uliza Amuri Mawese. Watakuonyesha nyumba huku wanacheka, kisha watakusimulia kisa chenyewe, kila mtu kwa namna yake, na wote wanakosea palepale. Mimi Sikuzani ni mkewe. Nilikuwepo, nimekaa ndani ya boti ile na mzigo wangu mapajani. Nimewaacha wakosee miaka mingi, na sasa nimechoka.

Kwanza mumjue mwenyewe. Amuri ni fundi wa mashine za boti. Si fundi wa kila kitu, usimletee redio. Marehemu baba yake alikuwa akishona nyavu pale ufukweni, akataka mtoto naye ashone nyavu, mtoto akapenda mashine. Mikono yake ni myeusi mpaka kwenye viwiko, na hakuna sabuni ambayo sijaijaribu. Siku ya posa, mama yangu, Bibi Fatuma, aliitazama mikono hiyo akauliza mbele ya wazee: "Huyu ataoga lini?" Wazee wakacheka wakidhani ni utani. Mama hakuwa akitania. Miaka kumi na moja hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule fundi". Mwambie yule fundi chakula tayari. Yule fundi wako bado amelala? Amuri naye, kwa heshima ya mkwe, aliinamisha kichwa akajibu, "Ndiyo, Mama," halafu akija chumbani ananinunia mimi, kana kwamba ni mimi niliyemzaa mama yangu.

Kazi aliyosifiwa nayo zaidi ni vidanji, yaani kutoa mafuta ya zamani kwenye mashine na kutia mapya. Utasema hiyo ni kazi ya kila mtu. Sivyo alivyoifanya Amuri. Kwanza anawasha mashine robo saa, ipate moto, mafuta yalainike na kubeba uchafu wote. Ndani ya boti huwezi kulala chini ukafungua kizibo kama kwenye gari, kwa hiyo anayavuta kwa pampu ya mkono, polepole, bila kumwaga hata tone ziwani. Kisha anachovya kidole, anasugua, ananusa. Hapo ndipo watu walipokuwa wanasogea kusikiliza. Akinusa anakwambia: maji yameingia. Au: mashine hii inapumua vibaya. Kuna nahodha mmoja aliyekuwa akiuza mazuti ya tajiri wake (mazuti ni dizeli) na kujazia mafuta ya taa. Amuri alinusa vidanji moja tu akamgeukia, "Ndugu yangu, acha." Nahodha akahamia Magara wiki hiyohiyo. Tangu hapo pua ya Amuri ikawa na jina kuliko Amuri mwenyewe, na yeye akajivuna nayo. Niliwahi kumwambia akiugua aende yeye hospitali, pua ibaki ifanye kazi.

Mimi nilikuwa nauza mawese, na bado nauza. Sema neno lingine lolote kunihusu, sema nina mdomo, sema sikai na kitu mkononi, lakini mawese yangu hayana takataka. Nayachuja kwa kitambaa mara mbili, nayaacha yatulie siku nzima, ndiyo nayatia kwenye bidoni, haya madumu ya plastiki. Ni mekundu, yameng'aa, huoni hata unyuzi ndani. Shikeni neno hilo, maana usafi huo ndio uliotuponza.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na nane. Vita vilikuwa na miaka karibu mitano, na juu yake tulikuwa na ambargo: nchi za jirani zimefunga mipaka, hakuna kinachoingia ila kwa njia ya panya. Mazuti yalikuwa kama dawa. Mafuta ya mashine ndiyo usiulize. Barabara ya kwenda Nyanza-Lac ilikuwa haipitiki, leo gari limechomwa, kesho daraja limefungwa. Mama yangu alikuwa amekwenda kule kumzika kaka yake, kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Nilikuwa napata salamu zake kwa wavuvi, neno moja moja: yuko hai, amekonda, anauliza kama Tahira ameota meno mapya ya mbele. Tahira binti yetu alikuwa ameshaota na kung'oa mengine. Nilikuwa nikipika nalia, na Amuri akiona ananyanyua sufuria anamalizia yeye.

Basi palikuwa na Mzee Lukeba, mtu wa Baraka kule Kongo, mwenye boti kubwa ya mbao iliyoandikwa ubavuni MUNGU IKO. Wanajeshi wa ziwani walimpa kibali cha siku moja, Jumamosi: atoke Rumonge asubuhi, apeleke chumvi Nyanza-Lac, arudi na mahindi, na awe ametia nanga kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kibali kingine hakuna aliyejua kitatoka lini. Lukeba akamwita Amuri.

"Fundi, hii mashine usiniachie ikufe katikati ya ziwa. Fanya vidanji ya mashine na vidanji ya bwati pia. Mama mukwe wako, nitamuleta bure."

Bwati ni sanduku la gia, lile linalopokea nguvu ya mashine na kuisukuma kwenye panga la nyuma linalozunguka majini. Lina mafuta yake peke yake, mepesi, mekundu. Lukeba alikuwa ameficha lita tano tangu kabla ya ambargo, ndani ya bidoni ya njano, na nadhani hapakuwa na lita nyingine tano kama zile kutoka Rumonge mpaka Bugarama. Akamkabidhi Amuri mkononi. Amuri akaja nayo nyumbani ameikumbatia, akaiweka nyuma ya mlango, akaifunga kwenye mpini kipande cha mpira mweusi wa tairi, iwe alama.

"Mama Tahira, hii usiiguse."

"Nimeona."

"Umeona au umesikia?"

"Vyote viwili, Baba Tahira. Nenda kapige chafya mbali na chakula."

Maana wiki nzima alikuwa na mafua, mafua ya vumbi la kiangazi, pua imeziba kabisa.

Alhamisi alasiri tukasikia risasi milimani. Sisi wa miaka ile tulikuwa tumeshazoea: kila nyumba ilikuwa na shimo, na kila mama alikuwa na mzigo wa kukimbia nao. Shimo letu lilikuwa nyuma ya jiko, limefunikwa bati na majani. Nilikuwa na bidoni tano za mawese. Nikazishusha zote, na ya Lukeba juu yake, kwani ningeiacha ichukuliwe? Kisha nikafunga mzigo: nguo za Tahira, kitenge, vyeti vyetu vya ubatizo wa serikali, yaani vitambulisho. Kamba ikanikatikia mkononi. Risasi zinalia, Tahira ananishika nguo, mimi natafuta kamba. Nikaona ule mpira mweusi kwenye bidoni. Nikauvuta, nikafunga mzigo barabara, nikajiambia nitaurudisha.

Haikufika magharibi, kukatulia. Hakuna aliyeshuka, waasi na wanajeshi walikuwa wanapigana wenyewe huko juu. Nikazitoa bidoni, nikazifuta udongo, nikazitikisa moja moja. Joto la mchana lilikuwa bado, zote zilicheza sawa. Zote za njano, zote za lita tano, zote nyekundu ndani. Nikachagua ile niliyokuwa na hakika nayo kabisa, nikairudisha nyuma ya mlango. Zile nyingine tano nikazipanga mahali pake. Kuhusu mpira, nilisahau. Sina maneno mengine ya kusema hapo, nilisahau.

Ijumaa asubuhi alikuja Kabibi, mwanamke wa Uvira aliyekuwa akikaanga maandazi na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale bandarini. Akaniachia bidoni tupu, akabeba moja iliyojaa kichwani. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Tukazungumza kuhusu mama yangu, akanipa pole, akaniambia, "Kesho mama yako atakula maandazi yangu." Nikamwambia murakoze, asante dada.

Amuri alifanya vidanji ya mashine asubuhi ile, na baada ya sala ya Ijumaa akachukua bidoni nyuma ya mlango, mpira hakuukumbuka maana aliikuta palepale alipoiacha, akafanya ya bwati. Jua lilikuwa kali mno. Bidoni ilikaa juu ya ubao wa boti saa nzima, na mawese yakipigwa na jua hivyo yanakuwa mepesi kama maji. Akayamimina kwa faneli yenye kitambaa, kama kawaida yake. Kitambaa hakikushika chochote. Angeyapata wapi machicha kwenye mawese yangu? Vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta ya mashine tayari, na pua haikuwepo kazini. Wakaijaribu boti, wakazunguka mbele ya gati na kurudi. Ilikwenda vizuri. Hyacinthe, nahodha wa Lukeba, alisema tu, "Kuna mutu anakaanga samaki karibu." Na saa zile ufukweni kuna siku gani hakuna mtu anayekaanga samaki?

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ndani ya boti. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, watu wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Tahira nilimwacha kwa jirani, nami nimevaa gauni langu la Idi. Mzigo ule ule wa Alhamisi mapajani, ndani yake nimechomekea kanga mbili mpya za mama yangu na sweta, maana nilijua akiona ziwa atalalamika upepo. Hyacinthe akawasha mashine. Ikaitika mara moja, safi. Akatia gia ya mbele. Mashine ikanguruma, moshi ukatoka, na boti ikakaa palepale. Akatia ya nyuma. Palepale. Akaongeza moto mpaka mbao zikatetemeka. Mama mmoja akauliza kama tumefika.

"Zima," Amuri akasema. Akashuka chini, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwati. Kilitoka na donge la rangi ya machungwa limeganda, limeng'ang'ania kijiti kama ugali wa jana. Hakuna mtu wa Rumonge angehitaji kuuliza lile ni nini. Mawese yakipata baridi ya alfajiri yanaganda, kila mtoto anajua. Hyacinthe hata hivyo akachovya kidole, akaonja.

"Haya ni mawese," akasema. "Na ni mazuri."

Mungu anisamehe, kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi kusifiwa. Kisha damu ikaniganda mimi.

Lukeba alikuja mpaka ukingoni mwa gati. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Fundi. Mafuta yangu iko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Zimechanganyika bidoni."

"Hukuweka alama?"

"Niliweka. Mpira mweusi wa tairi."

"Na iko wapi, huo mupira?"

Amuri akainua macho kunitafuta. Hakunitazama usoni. Alitazama mzigo wangu, na ule mpira ulivyozungushwa mara mbili na kufungwa fundo ninalofunga mimi tu. Nikaona anaona. Miezi ile, mtu akisikika ameuza mafuta ya mashine ya mwenzake, hasikilizwi habari za kusahau. Anaitwa mwizi, na mwanamke anayeuza mafuta ya kila siku angejitetea vipi? Lukeba angenishusha kwenye boti mbele ya umati, na mama yangu angebaki Nyanza-Lac mpaka nani ajue. Yote hayo niliyasoma usoni mwake wakati mmoja.

"Umedondoka," Amuri akasema. "Kosa ni langu, mzee. Nina mafua, sikunusa."

Boti nzima ikaangua kicheko. Pua ya Amuri. Pua iliyomfukuza mtu mpaka Magara, imepita juu ya mawese isiyajue, hapa Rumonge, ambako hata mbuzi wanayajua. Mtu mmoja akauliza kama leo boti itapikwa na ndagala au na maharagwe. Hyacinthe akalia machozi. Na mimi niliketi pale, nikafunika ule mpira kwa kiganja, nikakaa kimya. Niliogopa. Nimejivunia mambo mengi maishani, si hilo.

Lukeba alitazama saa yake. "Mpaka saa tatu. Saa tatu ikipita hatutarudi kabla ya saa kumi na mbili, na mimi sitapigwa risasi kwa ajili ya mahindi. Saa tatu, watu washuke."

Nikaruka kwenye gati na gauni la Idi, mzigo mkononi. Amuri hakuniuliza nakwenda wapi. Nyumbani nikafungua bidoni zilizobaki. Nne. Nikatia mpini wa mwiko kwenye moja baada ya nyingine. Zote zimeganda, mawese matupu. Basi yalikuwa kwa Kabibi, na Kabibi huwasha moto kabla jogoo hajamaliza. Nilikimbia hivyo nawaona akilini wateja wake wote wa asubuhi, wanajeshi, wapagazi, watoto wa shule, kila mmoja na andazi mkononi. Sijawahi kuomba Mungu kama njia ile.

Nilikutana naye kwenye kona ya soko. Anakuja mbio kama mimi, bidoni kichwani, uso umevimba kwa hasira.

"Mama Tahira, uliniuzia nini?"

"Kuna mtu amekula?"

"Nani atakula? Nimetia upawa mmoja kwenye kikaango, hayatoi povu, yanatoa moshi, yananuka lori. Nikamwaga yote. Kikaango changu kipya nimekisugua mchanga mpaka sasa. Ulitaka kuniua miye au wateja?"

Nikamkumbatia na bidoni yake juu ya kichwa. Nikamwambia kila kitu pale barabarani, mpira, shimo, Lukeba, mama yangu, na Amuri alivyosema ni yeye. Kabibi ana sauti inayofika Uvira bila boti, nilijua akitaka kunimaliza atanimaliza. Alisikiliza, akahema, akasema, "Wee Sikuzani, mume wako ni mjinga." Kisha akasema, "Twende basi, saa inakwenda."

Kule kwenye boti Amuri alikuwa na shida yake. Pampu haivuti kitu kilichoganda. Alikuwa amewasha mashine izunguke bila gia ili bwati ipate joto, lakini joto lilipanda polepole. Kabibi alipofika akatua bidoni mbele yake, mbele ya Lukeba, watu wote wametulia kumsikiliza. Akafungua mdomo. Mimi nikafumba macho.

"Fundi," akasema, "vitu vyako siku nyingine uvichunge mwenyewe." Na hapo hapo akageuka akaita wenzake wa jikoni walete maji ya moto.

Wakaja wanawake saba, nane, na masufuria. Amuri akavika bwati matambara, wakayamwagia maji ya moto polepole, yakipoa wanaleta mengine, kama wanamkanda mzazi. Wanamtania bila huruma. Mmoja anauliza kama aongeze kitunguu. Mwingine anauliza kama bwati imekwishaiva aonje chumvi. Amuri anapiga chafya, anacheka nao, anapampu. Mawese yakaanza kutoka, mazito kwanza, kisha mepesi, mekundu ya moto, na safari hii boti nzima ilinuka jikoni kwangu. Yalipokwisha akatia mafuta mekundu kidogo, akazungusha ndani kuosha, akayavuta tena, ndipo akajaza. Upawa alioumwaga Kabibi haukutupunguzia kitu, yalitosha na kubaki. Mawese yaliyotolewa alichukua Kabibi, akayafanya sabuni. Alisema ni fidia ya kikaango.

Saa tatu kasoro kidogo Hyacinthe akatia gia ya mbele. Boti ikasogea. Hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wanasikiliza. Ikasogea zaidi, ikakata maji, gati likabaki nyuma. Nikalia hapo hadharani na sikujali. Amuri alichuchumaa kando ya bwati njia nzima, kiganja juu yake, akiipima joto kama unavyompima mtoto mwenye homa. Mimi nilikaa mbele na mzigo wangu. Hivyo mpaka Nyanza-Lac.

Mama alikuwa amepewa habari na wavuvi, amesimama kwenye mchanga tangu alfajiri. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimshika, mifupa mitupu, naye akanishika nyuma ya shingo akaniambia nimenenepa, na kwamba gauni hilo si la kuvaa kwenye boti. Basi nikajua ni yeye mzima. Tukapakia mahindi, tukampakia yeye. Kama nilivyojua, alilalamika upepo, nikamvika sweta, nikaweka mzigo mapajani mwake aegemeze mikono.

Njiani kurudi Lukeba alikuwa na furaha, mahindi yalikuwa mengi, na mtu mwenye furaha lazima asimulie. Akamsimulia mama yangu kisa chote, kwa kuigiza. Kijiti, donge, Hyacinthe kuonja. Watu wakacheka upya. "Mama," Lukeba akasema, "mukwe wako leo tumemupa jina: Amuri Mawese. Hata alama alikuwa ameweka, mupira mweusi wa tairi, ati imedondoka. Unasikia hii?"

Nilidhani mama atacheka kuliko wote. Miaka kumi na moja alikuwa anangoja kitu kama hicho. Hakucheka. Alishusha macho kwenye mzigo uliokuwa mapajani mwake. Akaugusa ule mpira kwa kidole. Akaligusa fundo. Fundo lile alinifundisha yeye, nikiwa na miaka sita, tukifunga kuni. Akanitazama, nami nikaangalia ziwa, nikaliangalia kwa makini sana. Kisha akamtazama Amuri kule nyuma, amechuchumaa, anacheka na wanaomcheka, pua nyekundu kama nyanya.

Tulitia nanga saa kumi na moja na nusu, jua lingali juu ya milima ya Kongo. Abiria wakashuka. Amuri akaja kumpa mama mkono ashuke, kisha akakumbuka mikono yake ilivyo, akaanza kuifuta kwenye suruali. Mama hakungoja amalize kufuta. Akafungua lile fundo, kitenge kikalegea, nguo zikaanza kumwagika kwenye ubao wa boti, hakujali. Akaushika mkono wa Amuri, mweusi vile vile, akauweka mpira kwenye kiganja, akakifunga kwa vidole vyake.

"Mwanangu," akasema, "funga bidoni zako. Na uziweke mbali na huyu."

Amuri aliinamisha kichwa kama siku zote. "Ndiyo, Mama." Akajifuta macho kwa kiwiko, akasema ni mafua.

Mama aliishi nasi miaka saba mingine, na mimi akawa ananiita "yule mke wako". Mwambie yule mke wako chai imepoa. Nilimuuliza Amuri mara nyingi kwa nini hakusema, hata baadaye, vita vilipokwisha na Lukeba amerudi kwao Baraka. Akasema, wakikucheka wewe utalia mwezi mzima na mimi ndiye nitakayepika. Ule mpira bado uko kwenye bidoni yake, umekakamaa, umepasuka pasuka. Jina nalo limebaki. Ukimsikia mtu anamwita hivyo hapa Rumonge, mwambie umeambiwa na mkewe kwamba mawese yalikuwa yangu.